Mimi Si Mfano wa Mtu: Digrii ya Siste na Mboka ya Kwanza

Wasee, kuna kitu imenikaa kwa roho na leo nimeamua nitaitoa. Acheni kunitumia kama mfano.

Kila wiki lazima mtu aniandikie, na mara nyingi ni mtu amemaliza chuo juzi. Ananiambia, "Buda, wewe ulicheza kama wewe. Uliacha chuo mapema, sasa umeomoka. Mimi hapa na digrii yangu nauza mayai." Wengine wanaenda mbali zaidi, wanawaambia wadogo wao waliomaliza KCSE kwamba chuo ni kupoteza wakati, eti wamwangalie fulani. Huyo fulani ni mimi.

Sasa wacha niwaambie fulani anaishi aje. Fulani anaishi bedsita Githurai. Ile taa nzuri mnaona kwa video imesimamishwa juu ya ndoo ya kufulia. Simu ni ya mkono wa pili. Mwezi wa tano niliingiza shilingi 9,400. Mwezi wa sita nikaingiza 41,000 kwa sababu duka moja la viatu lilitaka matangazo matatu. Mwezi wa saba, zii. Hakuna hata bob. Nikilipwa vizuri nanunua unga wa miezi miwili, kwa sababu sijui ule mwingine utakuja na sura gani. Hiyo ndiyo kuomoka mnaniambia.

Na sikuacha chuo kwa ujanja. Niliacha kwa sababu pesa ziliisha. Mzee alipoteza kazi nikiwa mwaka wa pili, siste akiwa mwaka wa tatu. Tulikaa kejani sisi wanne, mathe akatoa hesabu kwa karatasi ya unga, na hesabu ilikuwa wazi: karo inatosha mtu mmoja. Siste alikuwa karibu kumaliza, akibakisha mwaka na kitu. Mimi nilikuwa na miaka miwili na nusu mbele. Hakuna mtu aliniambia nitoke. Nilisema mwenyewe, na sijawahi jutia hiyo siku.

Kwa hivyo mkiniambia digrii ni karatasi tu, mjue mnaongea na mtu ambaye karo yake imo ndani ya ile karatasi. Siste alisoma takwimu. Alifuzu vizuri, daraja la pili la juu. Siku ya mahafali mathe alivaa kitenge kipya, akalia, mzee akapiga picha na kila mtu aliyevaa joho hata asiowajua. Halafu tukarudi kejani, na siste akaanza kutafuta kazi. Alitafuta miezi 14.

Nataka kukaa hapo kwa hiyo miezi 14, kwa sababu watu wakisema "vijana hawana kazi" inasikika kama vijana wamekaa tu. Kutafuta kazi ni kazi. Tena ni kazi unalipia.

Siste ni mtu wa namba, kwa hivyo alikuwa na daftari. Kila shilingi iliyotoka akisaka mboka aliandika. Nauli 17,300. Bando za intaneti 6,800. Saiba, yaani kuchapisha, kupiga skani na kutoa kopi, 3,150. Cheti cha tabia njema kutoka DCI ni 1,050 kwa eCitizen, na alikichukua mara mbili kwa sababu kuna mahali walikataa kile cha kwanza, wakisema kimezeeka. Kana kwamba kati ya Februari na Septemba angekuwa ameiba benki. Hiyo ni 2,100. Viatu vya intavyu na kuvirudisha kwa fundi, 2,400. Na kuna 1,500 nyingine nitaieleza. Jumla 33,250. Hizo pesa ziliingia kwa biashara ya kuomba ruhusa ya kufanya kazi. Kuna watu wameanzisha kibanda cha chipo na pesa kidogo kuliko hizo.

Ile nauli nayo haisemi kila kitu. Anatoka Githurai saa kumi na moja asubuhi kabla nauli ipande, anashuka tao, halafu anatembea mpaka Upper Hill na viatu vya raba, vile vya intavyu viko kwa mfuko. Akifika karibu na geti anabadilisha. Mlinzi anampokea bahasha, anaitupa kwa lundo la bahasha zingine. Siku moja alipita hapo tena baada ya wiki mbili, akaona lile lundo bado liko, na bahasha yake ya kaki bado iko juu na alama ya chai.

Haya, ile 1,500. Alipata ujumbe kwamba amechaguliwa kwa kazi ya karani katika kampuni fulani ya usafirishaji, anahitajika atume 1,500 ya uchunguzi wa daktari na kadi ya kazi. Ujumbe ulikuwa na nembo, na tarehe ya kuripoti. Alituma saa nne usiku. Asubuhi namba ilikuwa mteja. Kuna mtu anasoma hii akicheka, anasema msomi wa takwimu ataibiwaje hivyo. Wewe kaa miezi tisa bila mtu kukujibu, halafu mtu akujibu na jina lako lote matatu limeandikwa vizuri, tuone kama utauliza maswali. Wale matapeli hawawindi wajinga. Wanawinda waliochoka. Na ili nisiwaache hivyo tu: mwajiri hachukui pesa yako ndiyo akupe kazi. Ukiona pesa inaenda kwa namba ya mtu binafsi, funga simu ulale.

Kuna aina nyingine ya utapeli ambayo si kosa kisheria, na hiyo ndiyo inaniudhi zaidi. Unaitwa intavyu ya "msimamizi mwanagenzi". Unafika unakuta watu sitini kwa ukumbi, wote na suti. Jamaa anaingia na mikogo, anawauliza kama mnataka kuwa matajiri. Mnasema ndiyo. Baada ya saa moja na nusu ndiyo unajua ni kuuza bima, bila mshahara, kamisheni tu, na wateja wa kwanza ni familia yako. Siste aliitwa kwa hizo mara nne, kila mara jina la kazi likiwa tofauti. Sina shida na kuuza bima, kuna wasee wangu wanaiuza na wanakula vizuri. Lakini andika kwenye tangazo kwamba ni kuuza bima. Mtu ametoa nauli ya 160 kwenda na kurudi, mwache achague.

Sasa tukuje kwa tajriba. Tangazo linasema "nafasi ya kuanzia, awe na tajriba ya miaka mitatu". Kuanzia gani hiyo? Ukiuliza wanakuambia ungefanya intanshipu. Sawa, tuongee intanshipu. Nyingi za Nairobi hazilipi, au zinalipa nauli. Mtu anayeweza kufanya kazi miezi sita bila mshahara Westlands ni mtu ambaye kwao ni hapa hapa, anakula kwao, analala kwao, pengine hata anaangushwa na gari la mzee. Mtoto wa Kitui au Kakamega atalala wapi? Kwa hivyo ile "tajriba" wanayotafuta, mara nyingi wanatafuta mtu ambaye familia yake iliweza kumlipia tajriba. Hiyo hakuna mtu anaisema kwa yale makongamano ya vijana.

Na hata wale wa kozi kubwa hawajaponea. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia katikati ya mwezi wa tatu mpaka tarehe 8 mwezi wa tano. Moja ya mambo makubwa ilikuwa pesa ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema karibu 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema itatoa 70,000. Mwezi uo huo wa tano walimu wanagenzi wa JSS walikuwa barabarani pia. Wao walikuwa wanapewa 20,000 kabla ya makato, wakifundisha masomo yale yale, kwa vipindi vile vile, na mwalimu mwenye mkataba wa kudumu yuko darasa la pili yake. Mahakama ya kazi ilikuwa imesema mwezi wa nne kwamba TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Kwa hivyo nikisikia mtu mzima anasema vijana wa siku hizi wanachagua kazi, huwa natamani kumuuliza ni gani hiyo alituwekea mezani tukaikataa.

Kuna kitu kingine wengi wenu hamjui, na kimeandikwa. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022. Zile vyeti za kibali, DCI, KRA, HELB, CRB na wenzake, mwajiri hafai kukudai wakati unaomba kazi. Anafaa kuzitaka akishaamua kukuajiri, mkienda kuandikiana mkataba. Siste alisoma hiyo, akaiambia ofisi moja kwa upole kabisa. Mama wa mapokezi akamwangalia, akamwambia, "Mrembo, hiyo sheria iko Bunge. Hapa tuna fomu." Akarudi foleni. Nimeiandika hapa ili angalau ujue unapotoa hizo pesa kwamba hukufaa kuzitoa.

Halafu HELB. Ukimaliza chuo wanakupa mwaka mmoja, kisha mkopo unaanza kudai, riba asilimia 4 kwa mwaka, na ukikosa kulipa kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Kazi uwe nayo usiwe nayo. KRA nao, hata kama huna senti, lazima ujaze kwamba umepata sufuri kabla tarehe 30 mwezi wa sita, la sivyo faini 2,000. Yaani serikali inakutoza kwa kusahau kuiambia kwamba umesota. Siste alifika mwezi wa 13 na simu ikaanza kuingia jumbe za HELB. Aliacha kuweka simu mezani tukikula. Aliiweka chini ya mto.

Huo ndio wakati ile fomu ya Saudia iliingia kejani.

Msichana wa jirani alikuwa ameenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, miaka miwili, akarudi salama, akawajengea wazazi nyumba ya mawe ushago. Sitadanganya, hiyo nyumba iko, nimeiona. Tunajua pia wale waliorudi wakiwa wamenyang'anywa simu na mshahara wa miezi, na wale waliorudi kwa sanduku. Siste alijua zote mbili. Alimpelekea mathe fomu ya ajenti, akasema, "Mama, ni miaka miwili tu. Nitalipa HELB, na nitamrudisha huyu chuo." Huyu ni mimi.

Mathe alinyamaza muda mrefu. Mathe si mtu wa kunyamaza. Halafu akaniuliza, "Na wewe baba, unasema nini?"

Nilisema sitaki. Nilisema sikutoka chuo ili yeye apeleke digrii yake akafulie mtu mapazia. Siste alinigeukia kwa hasira sijawahi kuona. Akaniambia, "Unadhani mimi nalala? Kila nikiona wewe unaedit usiku najua hiyo ni karo yangu. Nikikaa hapa bila kazi nakula pesa yako mara mbili." Hatukuongea siku tatu, na bedsita ni chumba kimoja, fikiria hiyo. Bado nafikiri nilikuwa sawa kusema vile. Lakini yeye pia alikuwa sawa, na sijui mnapanga aje watu wawili wakiwa sawa kwa chumba kimoja. Alienda akajaza pasipoti kwa eCitizen, na mimi ndiye nilimkopesha nauli ya kwenda Nyayo House.

Kazi yenyewe ilikuja hivi. Landlady wetu ana chama cha akina mama, watu 22, na mweka hazina wao alikuwa anaandika kwa kitabu kilichonyeshewa. Walikuwa wanapigana kila mwezi juu ya nani amelipa. Siste aliwatengenezea hesabu kwa kompyuta ya saiba, kila mtu na mstari wake, madeni kwa rangi nyekundu. Walimlipa kuku na 500. Mmoja wa wale mama anafanya kazi kwa SACCO ya matatu, na pale shida ilikuwa ile ile, tu ni pesa nyingi zaidi: kila gari linaleta hesabu ya siku, na mwisho wa mwezi namba hazishikani. Akamwambia mkubwa wake kuna msichana. Siste akaitwa, hakuulizwa mambo ya "unajiona wapi baada ya miaka mitano". Alipewa karatasi za wiki moja na kompyuta, akaambiwa atafute pesa imepotelea wapi. Aliitafuta kwa saa mbili na dakika kadhaa. Ilikuwa gari moja linaandikwa mara mbili kila Alhamisi.

Mkataba wa miezi mitatu, 18,000 kwa mwezi.

Najua sasa mtu atasema, unaona, ni kujuana tu. Ndiyo, ni kujuana. Lakini kuna kujuana ya aina mbili, na tunazichanganya sana. Kuna ile ya mtu anauza nafasi, analeta mpwa wake asiyejua hata kufungua faili, au anataka kitu kidogo ndiyo jina lako liingie. Hiyo ni wizi, na nchi hii imejaa. Halafu kuna ile ya mtu ameona mkono wako ukifanya kazi, na anakusema mahali wewe haupo. Hiyo ya pili ndiyo CV ya watu wasio na mjomba. Shida ni kwamba lazima mtu akuone, na huwezi kuonwa ukiwa umejifungia chumbani unatuma barua pepe ya 213. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya siste, alituma 212. Waliomjibu ni 17. Intavyu tisa, na nne kati ya hizo ni zile za bima.

Sisemi kila mtu atafutie chama hesabu. Wauza motisha wataichukua hii story waifanye masomo ya 999, "Jinsi ya Kupata Kazi kwa Kuku Mmoja". Siste alikuwa na bahati kwamba landlady wetu anapenda umbea na wale mama wanaaminiana. Angekuwa amepanga ploti ingine, pengine saa hii angekuwa anapiga pasi Riyadh. Lakini pia angekuwa hajui takwimu, ile bahati ingempita kama matatu imejaa. Ile gari ya Alhamisi hakuiona kwa kubahatisha. Aliiona kwa sababu kuna mtu alimfundisha miaka minne jinsi namba zinadanganya. Mimi nilizikodolea zile karatasi akinionyesha usiku, na sikuona kitu. Kwa hivyo wewe uliye mwaka wa pili ukinisoma na unafikiria kutoka kwa sababu yangu, rudi darasani. Kama pesa imeisha kama yetu, hiyo ni story ingine, nitumie ujumbe tuongee, nitakuambia vile ilivyo bila taa ya ndoo.

Mshahara wa kwanza alitoa 2,000 akatuma HELB, akanunua gesi, akampelekea mathe leso. Mimi alininunulia stendi ya kweli ya taa. Ndoo imerudi kazi yake ya kufua.

Mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu. Mkubwa wake bado hajasema kama atauongeza, na siste hataki kuuliza, anasema ataonekana ana wasiwasi. Pasipoti ilitoka wiki jana. Tuliichukua, tukaiweka kwa mkebe wa biskuti pamoja na cheti cha chuo na kile cha tabia njema, ambacho siku si nyingi kitakuwa kimezeeka tena. Ajenti alipiga simu Ijumaa. Siste aliiangalia ikilia mpaka ikakata, halafu akaniuliza kama kuna stima ya kupiga nguo pasi, kwa sababu kesho ni Jumamosi na magari huleta hesabu mapema.